Mwendo, Kasi na Mchapuko: Kisa cha Istilahi Tatu za Fizikia

Mwenyeji wa Mtwara akiulizwa mto Ruvuma uko umbali gani, aweza kujibu kuwa ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Huyo huyo akipanda basi atamwambia dereva apunguze mwendo. Neno ni lile lile, maana si ile. Katika mazungumzo hakuna anayepotea. Matata huanza katika darasa la fizikia.

Tuchukue hesabu ya kawaida. Garimoshi linaondoka stesheni ya Mtwara, kama yalivyoondoka yale ya reli ya Kusini, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947 na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tuseme linaanza likiwa limesimama, na kila sekunde kasi yake inaongezeka kwa mita 0.1 kwa sekunde. Baada ya sekunde 100 kasi imefika mita 10 kwa sekunde. Je, limekwenda umbali gani? Wako wanafunzi watakaozidisha 10 kwa 100 na kupata mita 1,000. Wamesahau kwamba garimoshi halikuwa na kasi hiyo ila katika nukta ya mwisho. Kwa kuwa kasi imepanda kwa kiasi kile kile kila sekunde, wastani wake ni nusu ya jumla ya kasi ya kwanza na ya mwisho, yaani mita 5 kwa sekunde. Umbali, basi, ni mita 500.

Wanafunzi hao wasichekwe. Mwaka 1604 Galileo mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Paolo Sarpi, alishika kuwa kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kwa kadiri ya umbali kilioanguka. Baadaye alitambua kuwa huongezeka kwa kadiri ya wakati, na kitabu chake chenye hoja hiyo kilichapwa 1638. Hebu msomaji ajaribu kuliandika kosa la 1604 kwa neno letu la barabarani: mwendo huongezeka kwa kadiri ya mwendo. Sarufi haina kasoro, lakini kosa lenyewe limetoweka, na kosa lisiloonekana halisahihishiki.

Ndiyo maana watunga istilahi walilazimika kugawa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967, wakati Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Umbali na kasi yalikuwapo tayari. Velositi, ambayo ni kasi pamoja na uelekeo wake, ilitoholewa. Mchapuko lilitokana na kitenzi chapua, anachokijua kila aliyewahi kuhimizwa achapue miguu. Kwa maoni yetu ndilo lililofaulu kuliko yote.

Hata hivyo lilikosa darasa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kuwa Kiswahili kianze kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ikatoka 1990, na wanafunzi iliyowafaa wakaendelea kusoma fizikia kwa Kiingereza. Hadi leo, mwalimu anayegeukia Kiswahili pale Kiingereza kinapokwama huokota neno lililo karibu, nalo mara nyingi ni mwendo.

Mchapuko nalo lina udhaifu wake. Sikio husikia kuongezeka tu, ilhali gari linalofunga breki nalo lina mchapuko, ila ni hasi. Tena wengi hudhani kuwa kila mchapuko hutatuliwa kwa kanuni zile zile. Mvuvi wa Msimbati, karibu na mlango wa Ruvuma, anajua kuwa maji kujaa hayaendi hivyo. Kwa kukadiria, saa ya kwanza hupanda sehemu 1 kati ya 12, ya pili 2, ya tatu 3. Kisha 3, 2, na 1. Atazamaye saa tatu za mwanzo pekee ataapa kuwa mchapuko haubadiliki, na hesabu yake ya jioni itamkwamisha mchangani. Kwa hiyo tunawashauri watunga mitihani na wafasiri waandike "mchapuko usiobadilika" kwa ukamilifu, hata kama sentensi itarefuka.