Nani Azime Moto?

Huku kwetu Mbulumbulu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, baridi ya mwezi wa Julai si jambo la kuhadithiwa. Ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro tangu jioni, na ifikapo saa mbili usiku kila mwenye nyumba amekwisha kusogea karibu na moto wake. Jioni moja ya mwezi huo binti yangu mkubwa, aliyekuja kunitembelea kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameketi nami jikoni. Mara akatoa simu yake, akaitazama, akaguna. "Baba, watoto wametoka na kuacha kiyoyozi kinafanya kazi." Akabonyeza mara mbili, akangoja kidogo, kisha akasema, "Kimezimika." Kutoka pale tulipoketi hadi chumba kile cha Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700.

Mwalimu hata akistaafu haachi kuuliza maswali. Nikamwuliza, "Umejuaje kwamba kilikuwa kinafanya kazi? Na umejuaje kwamba kimezimika kweli?" Akanieleza bila haraka, kama nilivyokuwa nikimweleza hesabu alipokuwa mdogo. Juu ya kabati ameweka kifaa kidogo kinachotoa miali isiyoonekana, ileile itolewayo na rimoti. Kifaa hicho hutoa amri tu. Hakina njia ya kujua kama kiyoyozi kimesikia. Kwa sababu hiyo fundi wa umeme alifunga kifaa cha pili kwenye waya uendao kwenye kiyoyozi, nacho hupima mkondo wa umeme. Mkondo ukishuka karibu na sifuri, ndipo binti yangu anapoamini. Akaongeza kwamba kiyoyozi hakizimwi na kuwashwa papo hapo. Kompresa yake huhitaji kama dakika 3 ili shinikizo la gesi lilingane pande zote mbili, la sivyo huumia. Na sababu ya yote haya? Akacheka, akasema, "Baba, LUKU haina huruma."

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikiwaza: ni lini binadamu alianza kukiachia chombo kazi ya kuangalia joto la nyumba, na kuzima kinapoona imetosha? Nikaanza kutafuta na kusoma, na jibu nililolipata lilinifurahisha, kwa kuwa sehemu yake kubwa imetoka katika chuo cha ualimu. Lakini ndugu msomaji, kabla sijakupeleka huko ng'ambo, niruhusu nianzie nyumbani, kwa maana jambo hili lina deni katika maisha yangu.

Wazee wetu wa Kiiraqw walijenga nyumba zao kwa kuchimba ubavu wa mlima, paa likawa bapa na kufunikwa udongo. Walifanya hivyo kwanza kwa ajili ya kujificha, kwani wavamizi waliokuja kutafuta ng'ombe wangeweza kupita karibu wasitambue kuwa hapo pana nyumba. Lakini udongo ule ulikuwa pia blanketi. Mchana nyumba haikupata joto kali, na usiku haikupoa upesi. Mifugo ililala ndani pamoja na watu na kuongeza joto lake. Moto wa kuni ulikuwa na mlinzi wake, naye alikuwa bibi. Ndiye aliyeuwasha, ndiye aliyeufukia kwa majivu usiku, na ndiye aliyeamka kuutazama. Hakuna aliyemwita bibi chombo, lakini kwa hakika kazi yake ilikuwa ileile: kupima, kuamua, kupunguza.

Mimi nilizaliwa mwaka 1951, nikasomea ualimu chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1979 nilikuwa mwalimu kijana mwenye mke na mtoto wa mwaka mmoja. Tulipewa nyumba mpya ya shule: kuta za tofali, bati juu, dari ya mbao, madirisha ya vioo yanayofungika barabara. Tuliiona kuwa maendeleo, na kweli yalikuwa maendeleo. Ila bati halihifadhi joto kama udongo, na usiku wa Julai tulitetemeka. Basi usiku mmoja nikaingiza jiko la mkaa chumbani, nikafunga madirisha na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Sikushauriwa na mtu. Ni mimi mwenyewe niliyefanya hivyo, tena nikijisifu kwa busara yangu.

Katikati ya usiku mtoto alilia. Mke wangu aliinuka kumchukua, akaanguka. Nilitaka kumwinua, miguu yangu ikakataa, na kichwa kikawa kama kinapigwa nyundo. Nilitambaa hadi mlangoni, nikauvuta, na ile baridi tuliyokuwa tukiikimbia ndiyo iliyotuokoa. Baadaye mganga wa zahanati alinieleza jambo ambalo mimi, mwalimu wa sayansi, nilikuwa nikilifundisha ubaoni bila kulielewa. Mkaa ukiungua mahali penye hewa haba hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hasongwi wala hakohoi, husinzia tu. Lau mtoto asingelia, tungesinzia wote hadi asubuhi ambayo tusingeiona.

Mtoto yule ndiye huyu anayezima kiyoyozi cha Dar es Salaam akiwa Mbulumbulu.

Sasa turudi katika historia. Mtu wa kwanza ninayemfahamu kufanya moto ujirekebishe wenyewe alikuwa Mholanzi, Cornelis Drebbel, aliyefanya kazi Uingereza na kufariki mwaka 1633. Alitengeneza tanuri la kuangulia mayai. Ndani yake pombe na zebaki zilitanuka kwa joto, zikainua kijiti, nacho kikashusha kifuniko na kupunguza hewa iendayo motoni. Tanuri likipoa, kifuniko kilifunguka tena. Anayefuga kuku ataelewa mara moja: alichokitengeneza Drebbel ni mama kuku asiyechoka. Lakini kwa miaka zaidi ya 200 baada yake nyumba za watu ziliendelea kumtegemea mtu wa kuchochea na kuzima.

Ndipo tunapofika kwa mwalimu mwenzangu. Warren Johnson, aliyezaliwa mwaka 1847, alifundisha katika chuo cha ualimu cha mji wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, Marekani. Huko majira ya baridi maji huganda mitoni. Chuo kilipashwa joto na tanuri lililokuwa chini ya jengo. Ili kujua kama madarasa yana joto la kutosha, ilimbidi mhudumu aingie darasa moja baada ya jingine, kisha ateremke tena kufungua au kufunga vilango vya hewa. Kila mwalimu anajua maana ya mlango kufunguliwa katikati ya somo. Wanafunzi wote hugeuza shingo, na ulichokuwa unakijenga kwa dakika kumi hubomoka.

Johnson akatafuta dawa. Alitumia utepe uliounganishwa kwa madini mawili yasiyotanuka sawa. Joto likibadilika, moja hurefuka kuliko jingine na utepe hupinda. Kupinda kule kuliunganisha waya wa umeme, na kengele ikalia chini kwenye tanuri. Alipewa hataza ya chombo hicho mwaka 1883. Miaka miwili baadaye, mwaka 1885, yeye na wenzake walianzisha kampuni mjini Milwaukee, akauacha ualimu.

Tazama vizuri, ndugu msomaji, chombo kile cha kwanza kilifanya nini. Hakikuzima moto. Kilimwita mtu. Mhudumu hakufukuzwa kazi. Aliondolewa tu mlangoni mwa darasa, akabaki karibu na moto, ambako alihitajika.

Hatua ya pili ilifuata upesi. Mwaka 1885, mjini Minneapolis, si mbali na jimbo la Johnson, Albert Butz alibuni mtambo ulioendelea pale kengele ilipoishia. Chumba kikipoa, umeme uliachia mota ndogo, mota ikazunguka nusu mzunguko na kuvuta mnyororo uliofungua kilango cha tanuri, na moto ukachangamka. Joto likitosha, mota ilizunguka nusu nyingine na kilango kikafungwa. Hapo mtu hakuitwa tena. Tangu siku hiyo ikawezekana mwenye nyumba kulala, na moto ukalindwa na utepe wa madini.

Huko kulikuwa kwa wenye baridi. Sisi Waafrika Mashariki wa pwani tulikuwa na shida ya upande wa pili. Mwaka uleule wa 1883 Johnson alipopewa hataza, Sultani Barghash alijenga Unguja lile jumba la Beit al-Ajaib. Lilijulikana baadaye kwa taa zake za umeme, lakini kwa habari ya joto lilitegemea akili ya mwashi: baraza pana pande zote ili jua lisiguse kuta, dari za juu ili hewa ya moto ipande, na uso kuelekea bahari ili upepo uingie. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka mwezi wa Desemba 2020. Kiyoyozi cha kweli kilikuja baadaye: Willis Carrier alichora mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha kuchapa mjini Brooklyn, ambako unyevu wa hewa uliharibu karatasi. Leo nyumba nyingi za Dar es Salaam hujengwa bila baraza wala dari ya juu, kwa imani kwamba kiyoyozi kitamaliza yote. Nasi wa milimani tumeacha udongo na kuchukua bati na vioo, kwa imani ileile. Jengo likiacha kufanya kazi yake, chombo hubebeshwa mzigo, na chombo kikibebeshwa mzigo, hapana budi awepo wa kukiangalia.

Ndiyo sababu ya vifaa kama vya binti yangu. Mwaka 2011 kampuni ya Nest ya Marekani ilitoa themostati ya ukutani iliyoweza kujifunza tabia za wenye nyumba na kuamrishwa kwa simu. Google ikainunua kampuni hiyo mwaka 2014. Kisha mwezi wa Oktoba 2025 Google ikaacha kuzihudumia zile za matoleo mawili ya kwanza. Ziliendelea kufanya kazi kwa kuguswa pale ukutani, lakini hazikutii tena simu. Hili ni somo zuri. Anayefunga kifaa cha namna hii na ajiulize mapema: mtandao ukikatika itakuwaje? Umeme ukirudi usiku baada ya kukatika, kiyoyozi kitajiwasha chenyewe au kitangoja? Na aliye nyumbani, je, anaweza kukizima kwa mkono bila kumpigia simu mwenye ufunguo?

Sasa nimalizie deni langu. Mke wangu alifariki mwaka 2016, nami nabaki hapa na mjukuu anayesoma sekondari. Tangu wakati huo binti yangu hunipigia simu kila usiku wa baridi. Huuliza hali, huuliza mahindi, na mwisho huuliza, "Baba, jiko umelitoa nje?" Nami hujibu, "Limetoka, mwanangu." Hajawahi kuacha, hata alipokuwa mgonjwa.

Safari hii kabla ya kuondoka alitoa mkobani kifaa cheupe, akataka kukifunga chumbani mwangu. Alisema kinanusa ile gesi, hulia kwa sauti kali, na pia humpelekea yeye habari kwenye simu. Nilikataa. Nilimwambia mimi si darasa la kuingiliwa. Nilimwambia, na hili ni aibu kuliandika, kwamba hakuna kifaa cha kuzima mkaa kutoka Dar es Salaam, basi kuna faida gani? Akanyamaza, akakirudisha mkobani.

Ukweli ambao sikumwambia ni mwingine. Niliogopa kwamba kifaa kikianza kuuliza, yeye ataacha kuuliza.

Ni mhudumu wa Whitewater aliyenibadilisha mawazo. Kengele haikumwondoa katika kazi yake, ilimwamsha. Tena nilikumbuka kwamba mwaka 1979 hatukuokolewa na busara ya mtu yeyote. Tuliokolewa na sauti ya mtoto, na sauti ile haikuzima jiko. Ilimwamsha mama yake tu. Kiyoyozi unaweza kukizima kutoka mbali. Mkaa hauna swichi. Mkaa unataka mtu aliye macho, mwenye miguu inayomtii, karibu na mlango.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimwambia alete kile kifaa. Alikifunga mwenyewe ukutani, akanionyesha kitufe cha kukijaribu na tarehe iliyoandikwa nyuma, kwa sababu hata pua ya kifaa huchakaa na baada ya miaka kadhaa hubadilishwa. Nami nimeondoa gunia mlangoni, na dirisha moja huliacha wazi kiasi cha vidole vinne, baridi iwe kali vipi.

Jioni ile alipofika Dar es Salaam simu ililia kama kawaida. Aliuliza hali, akauliza mahindi. Nikasubiri. Akauliza, "Baba, jiko umelitoa nje?" Lilikuwa bado lipo ndani. Nikamwambia angoje, nikalitoa, nikarudi kumjibu.