Peni Moja ya Bristol, au Asili ya Darasa la Kanisa

Wasomaji wa kurasa hizi wanajua ya kuwa mara nyingi neno moja dogo hufungua mlango wa habari kubwa. Neno ninalotaka kulichungua ni darasa. Makanisa yetu yamejaa madarasa: darasa la ubatizo, darasa la kipaimara, darasa la wachumba, darasa la wazazi, na mtu akiulizwa darasa ni nini, atajibu mara moja ya kwamba ni mahali pa kujifunza, penye mwalimu mbele, wanafunzi mkabala wake, na kitabu katikati.

Lugha yenyewe inamshuhudia. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kusoma. Hapa pwani watu walikuwa wakiketi msikitini kusikiliza darasa la mwalimu tangu kabla ya misheni yo yote kufika. Basi wamisionari walipotafuta neno, walilikuta tayari. Lakini Waingereza wa karne ya 18 walipotaja «class» kanisani, hawakuwa na maana ya kusoma hata kidogo. Maana yao ilikuwa fungu, au sehemu ya watu waliogawanywa. Neno hilo ni la Kilatini, na Warumi wa kale walilitumia kwa mafungu ya raia waliohesabiwa kwa ajili ya kodi na vita. Tofauti hii yaonekana kuwa ndogo. Mimi imenigharimu miaka kumi na minne kuitambua, na nitaeleza kwa nini.

Kwa muda huo wote nimefundisha darasa la wachumba. Nilikuwa na maswali yangu na majibu yake, nami nilitaka yajibiwe kwa moyo bila kukosa neno. Mwaka mmoja walikuwapo kijana na mchumba wake waliojibu vizuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha, juu ya uvumilivu, juu ya kusameheana, juu ya mali ya nyumbani. Niliwasifu mbele ya wenzao. Mwaka haujatimia nikaitwa usiku na jirani zao, nikakuta mlango umevunjwa na yule mwanamke amekaa uani, jicho limevimba. Yule kijana aliponiona hakukimbia. Alisimama, akanisalimu kwa adabu kama alivyonisalimu darasani. Salamu ile ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta habari za mambo haya yalivyoanza.

Yalianza kwa deni. John Wesley, kasisi wa Kanisa la Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1703, alianza kujenga nyumba ya mikutano mjini Bristol mwaka 1739, na fedha hazikutosha. Tarehe 15 Februari 1742 wakuu wa jamii ile walikutana kushauriana jinsi ya kulilipa deni hilo. Mmoja wao, Kapteni Foy, akatoa shauri kila mtu atoe peni moja kila juma. Wengine wakasema maskini ni wengi, hawataweza. Akajibu: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawaendea kila juma, na asiyeweza kutoa, nitamtolea mimi. Wengine nao wakakubali kufanya vivyo hivyo. Ndipo jamii yote ikagawanywa mafungu ya watu kumi na wawili hivi, kila fungu na msimamizi wake. Basi darasa la kwanza lilikuwa orodha ya wadaiwa tu, wala hapakuwa na somo lo lote ndani yake.

Lakini msimamizi anayekwenda kuchukua peni hubisha hodi. Akiisha kukaribishwa huona. Wesley mwenyewe aliandika habari hii mwaka 1786, naye ni mzee wa miaka zaidi ya 80: ya kwamba baada ya muda msimamizi mmoja alimletea habari kuwa alikwenda kwa mtu fulani akamkuta akigombana na mkewe, mwingine alikutwa amelewa. Wesley anasema papo hapo alitambua ya kuwa hicho ndicho kitu walichokuwa wakikikosa. Msomaji na atulie hapa kidogo. Watu hawa walikuwa wakisikia mahubiri mengi, tena mahubiri mazuri, na wengine walilia machozi kwa kuyasikia. Ila hakuna aliyejua wakirudi kwao hufanya nini, hata alipokuja mtu wa kutaka peni. Wazee wetu walisema, nyumba njema si mlango. Mhubiri alikuwa ameuona mlango tu.

Mwaka ule ule London ikaufuata mfano wa Bristol. Hata hivyo desturi ya kwenda nyumba kwa nyumba haikudumu, na sababu zake zafaa kujulikana. Kwanza, kazi ilikula muda mwingi. Pili, wengi walikuwa watumishi katika nyumba za watu, na mabwana zao hawakupenda mgeni aje kila juma kumhoji mtumishi. Au waliruhusu, lakini wakataka kuwapo na kusikiliza, na nani atasema neno la moyoni mbele ya bwana wake? Tatu, palipokuwa na ugomvi kati ya ndugu wawili, huyu alisema hivi na yule akakana, na msimamizi aliyewaendea mmoja mmoja hakuweza kupatanisha. Ilihitajika wakae uso kwa uso. Kwa hiyo wakaamua kila fungu likutane mahali pamoja mara moja kwa juma, na msimamizi amwulize kila mmoja hali ya roho yake na mwenendo wake, amshauri, amkemee au amtie moyo, kama ipasavyo. Mkutano ukaanza na kuisha kwa kuimba na kusali.

Palikuwapo pia vikundi vidogo zaidi, ambavyo Wesley alijifunza kwa Wamoravia. Kanuni zake ziliandikwa tarehe 25 Desemba 1738, yaani kabla ya habari za peni. Katika hivyo wanaume walikaa peke yao na wanawake peke yao, waliooa na wasiooa mbalimbali, na kila mtu aliungama wazi dhambi alizozitenda tangu mkutano uliopita. Kabla ya kuingia aliulizwa kama ataka kweli kuambiwa makosa yake yote, bila kufichwa. Sivipunguzii heshima vikundi hivi, lakini viliwafaa wachache. Fungu la watu kumi na wawili lilichukua kila mtu: fundi na mjakazi, wanaume kwa wanawake. Tena wanawake wengi waliwekwa kuwa wasimamizi, katika nchi na wakati ambapo mwanamke hakuwa na sauti kanisani. Mmoja wao, Sarah Crosby, alikwenda Derby mwaka 1761 kulisimamia darasa. Alitazamia watu thelathini, wakamjia karibu mia mbili. Hakuweza kuwauliza mmoja mmoja; akasimama akasema nao wote, na habari za wanawake wahubiri katika jamii ile zina asili yake hapo.

Sasa nije kwenye karatasi inayonipendeza kuliko zote. Mwezi wa Machi 1743 Wesley aliichunguza jamii ya Newcastle, mji wa wachimba makaa, akaandika katika daftari lake hesabu ya waliotolewa na ya waliotoka wenyewe. Waliotolewa ni 64: wawili kwa kulaani na kuapa, wawili kwa kuivunja Jumapili, 17 kwa ulevi, wawili kwa kuuza vileo vikali, watatu kwa ugomvi na makelele, mmoja kwa kumpiga mkewe, watatu kwa uongo wa makusudi, wanne kwa matusi na masengenyo, mmoja kwa uvivu, na 29 kwa wepesi na uzembe wa roho. Hao 29 naona aliwatoa kwa mkono mzito. Kama kanuni hiyo ingefuatwa kwetu, ni nani angebaki kupiga kengele? Lakini linaloniumiza ni yule mmoja. Je, katika mji mzima wa wachimba makaa, wenye walevi 17 wanaojulikana, ni mume mmoja tu aliyempiga mkewe? Sisadiki. Ulevi huonekana njiani, lakini kipigo hufungiwa mlango. Na yamkini wakati ule wengi, hata wasimamizi, hawakukihesabu kuwa jambo la kuulizwa. Swali hupata tu kile ambacho muulizaji anadhani ni kosa.

Waliotoka wenyewe ni 76. Kumi na wanne walikuwa wa makanisa mengine, na wachungaji wao waliwanyima meza ya Bwana. Tisa walitoka kwa kuwa mume au mke hakutaka; 12 kwa kuwa wazazi hawakutaka; watano kwa kuwa mabwana zao hawakuwaruhusu; saba kwa kushawishiwa na wenzao; tisa kwa kuogopa kuchekwa; watatu ili wasikose posho ya maskini. Wawili walisema ni mbali. Wawili walitoka kwa kuwa mtu fulani, naye ametajwa kwa jina, yumo katika jamii. Mmoja alisema bado kuna wakati wa kutosha wa kumtumikia Mungu. Hesabu ya waliozuiwa na mume, mke, mzazi au bwana ni 26, yaani zaidi ya theluthi ya wote waliotoka. Kumbe darasa lililokusudiwa kuponya nyumba liliweza pia kutia mfarakano nyumbani, na Wesley hakulificha. Laiti sisi walimu tungeandika daftari la namna hii! Sisi huandika waliohitimu.

Sitakuwa mkweli nisipotaja nyumba ya Wesley mwenyewe. Mwaka 1749 alitaka kumwoa Grace Murray, mjane wa Newcastle aliyekuwa msimamizi wa madarasa. Ndugu yake Charles akaingilia kati, na yule mwanamke akaolewa na mhubiri mwingine, John Bennet. Februari 1751 John akamwoa Mary Vazeille, mjane wa mfanya biashara wa London. Mara baada ya arusi akatangaza kwamba mhubiri hana haki ya kupunguza hata safari moja kwa sababu ameoa. Mkewe alisafiri naye miaka michache, akachoka. Ukaja wivu, barua zikafunguliwa, na maneno makali yakafuata. Mwaka 1771 akamwacha. Alipokufa Oktoba 1781, Wesley alipata habari akiisha kuzikwa. Watu wengi wamemlaumu mwanamke, na wengine mwanamume. Mimi nauliza neno moja tu: katika maelfu ya watu waliohojiwa kila juma habari za nyumba zao, ni nani aliyembishia hodi Wesley? Hakuwa na fungu. Alikuwa daima njiani, naye ndiye aliyewauliza wote.

Baadaye desturi ilipoa. Mafungu yalikua makubwa mno, na majibu yakawa yale yale kila juma, hata mtu aliweza kuyasema bila kufikiri, kama wanafunzi wangu. Kanisa la Wamethodisti la kusini mwa Marekani liliondoa sharti la kuhudhuria mwaka 1866. Wakati huo Thomas Wakefield alikuwa amekwisha kufika pwani ya Mombasa, mwaka 1862, na kituo cha Ribe kilikuwa kimeanzishwa. Kwa hiyo Wamethodisti walitufikia sisi katika siku zile zile ambapo kwao darasa lilikuwa linafifia. Katika karne ya 20 jambo lenyewe lilitokea tena kwa njia nyingine: maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikazia jumuiya ndogo ndogo, za majirani wanaokutana nyumbani mwao.

Tena pwani yetu ilikuwa na kitu chake. Binti alipokaribia kuolewa alipewa somo, au kungwi, wa kumfundisha mambo ya unyumba. Lakini kazi yake haikwisha siku ya arusi. Alirudi nyumbani kwa mwari wake, akatazama, akauliza. Na ugomvi ulipozuka yeye alikuwa wa kwanza kuitwa. Tazama neno lenyewe: somo ni funzo linalosomwa, na somo ni mtu. Sisi walimu wa misheni tuliogopa mengi katika mafundisho ya makungwi, mengine kwa haki, mengine kwa kutojua. Tukalichukua somo la kitabu, yule mtu tukamwacha uani.

Kwa hiyo nimeligawa darasa langu. Majira ya jioni tunakutana nyumbani mwa watu, nyumba sita kwa zamu, nami nimeondoa maswali yenye majibu ya kukariri. Wake huulizwa na mwanamke mzee, faragha, wala mimi sipo. Yule kijana na mkewe wamo. Bado hawajapona, ila hubishiwa hodi. Nimeanza pia daftari. Mwaka jana walitoka wanne: mmoja kwa umbali, wawili kwa kuwa waume hawakupenda, na mmoja hakusema sababu. Mke wangu, aliposikia kwamba nawauliza watu habari za nyumba zao, alitaka kujua zamu ya nyumba yetu ni lini. Imewekwa Alhamisi ya pili ya mwezi.