Kodi ya Mkupuo: Mpangaji Kama Benki

Ukitafuta chumba Kihesa mjini Iringa, au Iyunga mjini Mbeya, dalali atakutajia miezi ya kodi ya kulipa kwa mkupuo kabla hujauliza kama kuna maji. Mitatu, sita, pengine mwaka mzima, na juu yake kodi ya mwezi mmoja iwe ya kwake. Wapangaji wengi huita jambo hili uroho wa wenye nyumba. Nadhani wanakosea, au wanapatia nusu tu.

Tazama nyumba yenyewe inavyojengwa. Mwenye nyumba mdogo huanza na kiwanja, kisha tofali za kuchoma, kisha pagale linalosubiri miaka. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, lakini mkopo huo humfikia zaidi mwenye mshahara na hati miliki, si mama anayeuza viazi Uyole. Hivyo vyumba viwili vya mwanzo vikikamilika, kodi ya mwaka ya vyumba hivyo ndiyo inayonunua mbao za Sao Hill na bati za kuezekea vingine kabla ya mvua za Novemba. Mpangaji amemkopesha mwenye nyumba bila riba, na hakuna anayeuita mkopo.

Wakorea wanauita mkopo waziwazi. Katika mtindo wao wa jeonse, mpangaji hutoa fungu kubwa sana la fedha, halipi kodi ya mwezi, na mkataba ukiisha anarudishiwa fungu lote. Mwenye nyumba anakula faida ya kulizungusha. Lakini bei za nyumba ziliposhuka, wengi walishindwa kurudisha, na 2023 Bunge la Korea Kusini likatunga sheria maalumu kuwanusuru wapangaji waliotapeliwa. Huku kwetu fedha hairudi, ila mpangaji akihamishwa kazi mwezi wa tatu ndipo ugomvi unapoanza: miezi iliyobaki ni ya nani?

Nairobi ugomvi huo ni mdogo. Kodi hulipwa kila mwezi, pamoja na depositi mwanzoni, na asiyelipa kufikia tarehe tano hugongewa mlango na keateka, msimamizi wa nyumba. Mfumo huo unamtaka mwenye nyumba awe na mtaji wake, wa sacco au benki, na awe tayari kufukuzana na wadaiwa. Mwenye vyumba vinne Mwanjelwa, huku Mbeya, hana muda huo. Tena mzazi anayeuza mahindi au kahawa hupata fedha kwa msimu. Kumlipia mwanawe anayesoma chuo cha MUST au Mkwawa mara moja kunamfaa kuliko kutuma kila mwezi.

Mkupuo unakwama hasa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Mdaiwa ni mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji. Anayelipa kila mwezi angepunguza kwenye kodi inayofuata. Aliyelipa mwaka mzima apunguze wapi? Na mita ikiwa moja kwa vyumba sita, mmoja hununua umeme na wote huanza kutazamana.

Sheria ya Tanzania ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilifutwa 2005, kwa hiyo karibu kila kitu kimeachiwa mkataba. Na mikataba ya mitaani, tusidanganyane, mara nyingi ni karatasi moja yenye sahihi mbili na kiasi cha fedha.

Mwenye nyumba, pokea mkupuo ukiweza, lakini uandike kama deni linalopungua kila mwezi. Andika mpangaji akiondoka mapema atarudishiwa kiasi gani na kwa muda gani, na makato ya LUKU yatoe kabisa kwenye kodi siku ya kusaini. Fedha ya miezi ambayo hajaikaa usiimalizie kwenye bati.