Grisi ya Liemba

Nikisoma habari za MV Liemba, vita vyenyewe navipita haraka. Kinachonisimamisha ni grisi. Julai 1916 Wajerumani walikuwa wakiikimbia Kigoma, Wabelgiji wakiwakaribia, na meli yao kubwa, Graf von Götzen, haikuwa na pa kwenda: ziwa Tanganyika halina njia ya kuitoa meli baharini. Wakaamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya tarehe 26, siku ilipozama, mafundi waliipaka injini grisi nzito ili maji yasiile.

Mafundi hao walikuwa wametoka nayo mbali. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikajazwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapanda meli hadi Dar es Salaam na reli hadi Kigoma, ikaungwa upya ribiti kwa ribiti na kushushwa majini Februari 1915. Mtu aliyepitia hayo haharibu. Anahifadhi, hata kama amri inasema azamishe.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Machi 1924 Waingereza wakaiibua, na injini zikakutwa bado zinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa watu wa kusini mwa ziwa.

Huku kwetu Ikola haikuwa na gati la kufunga kamba. Ilisimama kwenye kina, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na mitumbwi ikakimbilia ubavuni. Watu, magunia ya dagaa, kuku, mgonjwa anayepelekwa Kigoma, wote walipitia mlango uleule wa ubavuni huku mawimbi yakiugonganisha mtumbwi na chuma. (Anayedhani bawaba ni kitu kidogo hajawahi kusubiri mlango ufunguke akiwa amesimama kwenye mtumbwi.)

Injini zilizopakwa grisi hazimo tena. Zilifanya kazi kwa mvuke hadi miaka ya 1970, zikatolewa, ikawekwa dizeli. Mwaka 1993 ikakarabatiwa tena. Wapo wanaosikitika, mimi simo. Kipuri kilicholika kinatolewa, na mvuke ulikuwa umetumika vya kutosha. Ninachokilalamikia ni kusubiri. Grisi hupakwa kabla kutu haijaingia. Sisi tumezoea kuita fundi chombo kikishasimama, na kwa meli kama hii, ambayo vipuri vyake haviko dukani Mpanda wala Kigoma, kusimama kidogo hugeuka kuwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba iliacha safari, ikawa inasubiri matengenezo makubwa.

Wakati huo wote Ikola haikuacha kusafiri. Mwenye mzigo wa Mpanda alitafuta lori. Mwenye mzigo wa Kigoma alipanda boti la mbao, akakaa juu ya magunia yake, akiuangalia upepo.