Msaidizi wa Kiswahili Aliyefia Sachsenhausen

Mwanafunzi atokaye Afrika Mashariki kwenda kusoma Berlin hakai muda mrefu kabla hajaalikwa na wenzake kuzuru Oranienburg, mji mdogo ulio kaskazini ya jiji hilo, mahali ilipokuwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Safari ya gari moshi haizidi saa moja. Huko huonyeshwa lango la chuma lenye maneno ya Kijerumani yanayodai kwamba kazi humpa mtu uhuru, uwanja wa kuhesabia wafungwa, na njia ambayo wafungwa walitembezwa kutwa nzima, siku baada ya siku, ili kujaribu uimara wa soli za viatu. Kwa kawaida mgeni huyo hujiona amehudhuria msiba wa watu wengine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa mtu wa taaluma ya Kiswahili hasa, sivyo ilivyo.

Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1936, na hadi mwaka 1945 ilikuwa imepokea wafungwa zaidi ya 200,000: wapinzani wa siasa, Wayahudi, Wasinti na Waroma, mashoga, Mashahidi wa Yehova, na raia wa nchi zilizovamiwa. Jina la Kijerumani la kambi za aina hii lilitaja kukusanya watu tu, kana kwamba ni ghala. Kiswahili hakikukubali kufasiri neno kwa neno. Kilisema mateso, na hapo tafsiri imesema kweli kuliko asili yake.

Miongoni mwa waliofia humo ni mzaliwa wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Wajerumani, na vita vilipozuka mwaka 1914 naye aliingizwa jeshini, angali mtoto. Baada ya vita alifanya kazi melini. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa. Akabaki, akaoa, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland; na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi mwaka 1941 akasaidia kufundisha Kiswahili Chuo Kikuu.

Kazi hiyo ilikuwa na historia yake. Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, na tangu mwanzo maprofesa wake waliwategemea wenyeji wa pwani. Sleman bin Said alikuwako, akafuatwa na Amur bin Nasur. Kisha akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Watu hawa waliitwa wasaidizi wa lugha, ingawa bila wao hapakuwa na cha kusaidiwa. Mtoro mwenyewe, aliporejea mwaka 1905 na mke Mjerumani, alizuiwa na wakuu wa koloni kushuka naye Dar es Salaam. Lililompata Husen miaka 36 baadaye halikuota bila mbegu.

Husen alicheza filamu nyingi, na katika Carl Peters, iliyotolewa mwaka 1941, alipewa nafasi ya mwongozaji wa safari za Mwafrika. Ni Peters yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Katika kipindi cha kutengenezwa kwa filamu hiyo Husen alikuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, jambo ambalo utawala wa Hitler ulilihesabu kuwa kosa la kunajisi rangi. Alikamatwa mwaka huo, hakufikishwa mahakamani, akapelekwa Sachsenhausen mwezi Septemba. Aliingia wakati wafungwa wa kivita wa Kisovieti, wasiopungua 10,000, walipokuwa wakiuawa kambini humo kwa risasi ya kisogo. Aliishi humo miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Ni vigumu kumpa mtu huyu nafasi katika kumbukumbu zilizozoeleka. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilipofungua kumbukumbu ya Sachsenhausen mwaka 1961, ilisimamisha mnara wenye pembetatu nyekundu, alama ya wafungwa wa siasa, kuashiria nchi walikotoka; Tanganyika haimo. Wala mwandishi wa historia ya ukombozi hawezi kumwita shujaa mtu aliyedai nishani ya Wajerumani, akafundisha lugha kwa watu waliotumaini kurudishiwa makoloni, na kuigiza katika sifa za Peters. Lakini aliyetakiwa kuwa mwaminifu tangu utotoni, naye akawa, ndiye aliyeuawa na wale aliowatumikia. Ukinzani huu si sababu ya kumwacha. Ndio unaomfanya astahili kuchunguzwa. Historia za usomaji wa Kiswahili Ulaya humtaja Velten, humtaja Meinhof, humtaja Westermann aliyekuwa profesa Berlin katika miaka hiyo hiyo. Mtoro hutajwa kwa kuwa aliandika kitabu.

Wanahistoria wa Ujerumani wamekwisha kuanza kulipa deni hilo. Mwaka 2007 Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu kizima juu ya maisha yake, na mwaka huo huo jiwe dogo la shaba lenye jina lake likatiwa njiani mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße, Berlin. Atafutaye habari zake katika makavazi ahitaji kuangalia chini ya Mahjub, Majub, Bayume, Husen na Hussein. Na anayetaka kumwona mwalimu huyo akitembea na kusogeza mikono hana budi kuitazama filamu ya Peters.