Shimo, tundu, chimbo

Habari za gofu hupima kiwanja kwa mashimo: 9 au 18. Neno shimo limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kanuni ya 16.1 ya gofu humpa mchezaji nafuu bila adhabu mpira wake ukiingia katika shimo lililochimbwa na watunza kiwanja, hata kama halikuwekewa alama. Vivyo hivyo kwenye nyasi zilizokatwa na kurundikwa zikisubiri kuondolewa. Katika eneo la kawaida la kiwanja, anaudondosha mpira kutoka usawa wa goti, ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka mahali pa karibu pasipo na kikwazo, bila kusogea karibu zaidi na shimo. Shimo lipi sasa?

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, kule Nyarugusu na Rwamgasa, wamelimaliza zamani jambo hili la kutofautisha mashimo. Shimo la dhahabu wanaliita duara, na mwenye duara anajulikana. Tuige umakini huo: shimo liwe lile lenye bendera, lililochimbwa na mnyama liitwe tundu, la watunza kiwanja liitwe chimbo. Msomaji wa Shinyanga atalisikia chimbo na kufikiria almasi ya Mwadui, na ni sawa kabisa: hapo pia watu walichimba kwa sababu ya kazi.