Kibaba, Debe na Mizani: Ujazo na Uzito katika Historia ya Kiswahili



Kitenzi *kupima* hakibagui: hupimwa mafuta, hupimwa dhahabu. Tofauti ya ujazo na uzito Kiswahili kiliihifadhi katika majina ya vipimo. Kibaba, na pishi ambayo ni vibaba vinne, ni vyombo vya kujazwa; ndiyo maana wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wakia, ratili na frasila, maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, ni ya mizani. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba mikondo hii miwili ilikutana: mchumaji alihesabiwa pishi, mfanyabiashara akauza kwa frasila, yaani takriban kilo 16. Karafuu mbichi na kavu zikijaza pishi moja hazilingani uzito. Asiyeijua tofauti hiyo alipunjika.

Mafuta ya taa yalituletea debe, neno lenye asili ya Kihindi, lenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, takriban lita 18. Mafuta yakiisha, bati lile likawa kipimo cha maji, nafaka na asali. Hapo ndipo tatizo lilipokua, kwa kuwa debe halina uzito mmoja. La maji lina kilo 18. La mafuta ya taa, kama 14 na nusu. La asali, kama 25. Anayenunua asali kwa debe na kuiuza kwa kilo sharti auzidishe ujazo kwa densiti, yaani uzito wa lita moja.

Gesi ina ugumu zaidi, maana ujazo wake hufuata joto na kanieneo. Kilo moja ya propani, ikiwa kimiminika mtungini, huchukua takriban lita 2. Ikiachiwa hewani hupita lita 500. Kwa hiyo gesi ya kupikia huuzwa kwa kilo, na mnunuzi hutoa uzito wa mtungi mtupu, ulioandikwa juu yake, katika uzito wa mtungi uliojaa.

Basi neno *densiti* lisibaki katika vitabu vya fizikia. Lugha iliyotenga pishi na frasila ina haki ya kumpa mnunuzi wa leo swali lililo wazi: napimiwa ujazo, au uzito?